Kilichotundikwa Hutunguliwa

Saa nne kasoro robo asubuhi Mama Usafi alikuwa amemaliza kupiga deki korido ya chini, amekamua tambara, ameficha ndoo nyuma ya mlango wa chumba cha mitambo. Akavua glavu, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akajipaka mafuta kidogo midomoni. Hivyo ndivyo alivyofanya kila siku ya kazi kwa miaka kumi na minne, kwa sababu saa nne na dakika kumi mume wake alikuwa anapita.

Alikuwa anapita juu, kilomita mia sita na ushei, ndani ya setilaiti ya taifa ya kuangalia mawingu. Pale kituoni waliiita chombo namba mbili. Tangu ilipochomoza upande mmoja wa upeo mpaka kuzama upande wa pili zilikuwa dakika tisa, na kwa dakika hizo tisa mke na mume waliongea. Aliyewaunganisha ni mtu mmoja mnyenyekevu aliyekalia mashine kituoni hapo tangu ujana wake, anaitwa Masikio, kwanza kwa kazi yake ya kusikiliza, na pili, tuseme ukweli, kwa masikio yenyewe. Akimvisha Mama Usafi hedifoni hugeuka ukutani, ajifanye anasoma kalenda.

Mume huyo, ambaye wote walimwita Fundi, hakwenda huko kwa kupenda. Habari yake iko kwenye faili, anayetaka akasome. Siku ya kufunga chombo alikuwa ndani, analehemu waya mmoja uliomsumbua tangu asubuhi. Karani mwenye fomu akauliza kwa sauti kutoka ng'ambo ya karakana: fundi yumo ndani? Msimamizi akajibu: bado. Msimamizi alimaanisha bado yumo. Karani akaelewa bado hajaingia. Basi akaandika hapana, kifuniko kikafungwa, boliti arobaini zikakazwa, na kesho yake chombo kikapaa mbele ya wageni waalikwa. Iliundwa tume. Ikakaa miezi saba, ikaona kwamba wote wawili walilitumia neno hilo ipasavyo, kwa hiyo hapakuwa na wa kulaumiwa.

Mama Usafi aliambiwa awe na subira. Aliambiwa hakuna kitu duniani kinachoweza kufika kule na kumkuta mtu anayekwenda kasi namna ile. Wakuu wa kituo wanne, mmoja akiondoka mwingine akiingia, walimwambia maneno hayo hayo, tena kwa upole, na wote walimkaribisha kiti kwanza. Wa kwanza ndiye aliyempa kazi ya usafi, ili asiwe anapanda gari mbili kila siku kuja kumsikiliza mumewe.

Chombo kilitengenezwa kiishi miaka mitatu. Kikafika kumi na minne, kwa kuwa kilikuwa na fundi ndani. Kila kilichokatika alikiunga, kila kilicholegea alikikaza, na taifa likasifiwa kwenye mikutano ya nje kwa kutengeneza vitu vya kudumu. Yeye mwenyewe hakulalamika sana. Alisema njaa haipo kule, ndevu zinaota taratibu, na kinachomchosha ni kuelea tu, kutwa kucha, bila kukaa mahali. Mambo waliyoongea yalikuwa ya kawaida. Alimuuliza mkewe kama bomba la jikoni bado linavuja. Alimwambia mawingu aliyoyaona njiani. "Anua nguo," alikuwa akisema, "hiyo itawafikia saa nane." Mtaa mzima ulijua. Mama Usafi akipiga simu nyumbani wifi yake aanue nguo, majirani nao wanaanua zao, hata kama jua linachoma utosi.

Wifi huyo, dada yake Fundi, alihamia kwake mwaka wa kwanza ili asikae peke yake, na hakuondoka tena. Alikuwa na mdomo. Akimwona anatoka asubuhi na kopo lake la mafuta humwuliza anajipaka midomo ya nini, kwani kaka anaona kutoka huko? Mama Usafi alimjibu kwamba akijipaka anaongea vizuri zaidi. Wote wawili walijua jibu hilo halina kichwa wala miguu, na wote waliliheshimu.

Ukweli ni kwamba alimtamani mume wake mpaka mifupa ikamuuma. Dakika tisa ni kitu kidogo. Ni za kuulizana hali na kugombana kidogo, hazitoshi kupatana.

Sasa, pale kituoni walikuwa na lugha yao. Hakuna aliyesema chombo kimerushwa, walisema kimetundikwa. Namba moja ilitundikwa mwaka fulani, namba tatu imetundikwa majuzi. Neno hilo lilikuwa la kila siku, na Mama Usafi alilizoea. Kwa hiyo Jumatatu moja, alipokuwa anafuta vumbi ubao wa matangazo akakuta barua mpya yenye mhuri, aliielewa yote bila kumuuliza mtu. Ilisema kwamba chombo namba mbili, kilichotundikwa miaka kumi na minne iliyopita, kitatunguliwa siku ya Alhamisi saa nne na robo asubuhi, na kwamba watumishi wote wanaombwa kuvaa nadhifu.

Aliisoma mara tatu, kisha akaigeuza ndoo akaikalia.

Kilichotundikwa hutunguliwa, aliwaza. Picha hutundikwa ukutani, na nyumba ikihamwa hutunguliwa. Hata tunda, ambalo Mungu mwenyewe ndiye aliyelitundika, hutunguliwa kwa upembo, taratibu, na mtu mwingine akiwa amekinga nguo chini lisije likapasuka. Hakuna kamusi ambayo ingemkatalia. Watu walikuwa wanapita koridoni na makabrasha yao, wanamwona amekaa juu ya ndoo machozi yanamtoka anacheka, wakamwamkia wakaendelea na safari zao.

Jumanne alimwambia. Fundi alimrudisha mwanzo mara mbili, ingawa dakika kwao ilikuwa mali.

"Alhamisi hii hii?" aliuliza.

"Hii hii."

"Viatu vyangu vipo?"

"Vipo. Nimevipiga kiwi jana."

"Sijui kama miguu inakumbuka viatu," alisema Fundi. Masikio akaisoma kalenda kwa bidii.

Nyumbani hapakulika wala hapakulalika. Wifi alinunua godoro jipya, akalibeba kichwani tangu kituo cha gari, akagombana na kila aliyetaka kumsaidia. Chumba kilipakwa chokaa. Alimshauri Mama Usafi atafute kamba imara, maana kaka yake atakuwa amezoea kuelea; amfunge mguu mmoja kitandani wiki ya kwanza, upepo usije ukapita dirishani ukamrudisha. Baadaye Mama Usafi alimkuta uani ameshika shati la Fundi lililopigwa pasi, amelizamishia uso wake ndani, analia kimya kimya. Akamwacha. Kila mtu ana zamu yake.

Jumatano asubuhi lori refu liliingia kituoni kinyumenyume, limebeba kitu kilichofunikwa turubai. Mama Usafi aliacha ufagio akaenda kutazama. Wanajeshi walipolivua turubai aliona kombora jeupe, safi, limechorwa bendera. Akalizunguka. Alilizunguka mara ya pili, pole pole, akilipapasa kwa kiganja, kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Halikuwa na mlango wala dirisha. Hakuona mahali ambapo mtu mzima anaweza kukaa, hata akikunja magoti. Akamtafuta Masikio.

Masikio alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Mama," alisema, "hilo haliendi kumchukua. Linakwenda kumgonga."

Akamweleza. Kutungua kwa wanajeshi si kutungua kwa watu wa nyumbani. Nchi jirani mwaka jana iliivunja setilaiti yake yenyewe, ili wote waone kwamba inaweza kuvunja na za wengine. Sasa na huku wanataka waonekane. Yeye alikuwa ameandika barua ya kupinga, kurasa tatu, akaeleza kwamba chombo kikivunjwa kule vipande havianguki, vinaendelea kuzunguka miaka na miaka, vinagonga cha huyu na cha yule, na angani hakuna mipaka ya kuvizuia. Barua ilirudi imepigwa mhuri: Imeonekana. Alikuwa amemuuliza Fundi, kijanja, kama anaweza kukisogeza chombo, na Fundi akamkumbusha kwamba mafuta yaliisha miaka tisa iliyopita.

Mama Usafi hakulia. Alikwenda ofisi ya mkuu wa kituo akiwa na glavu zake mikononi, na mkuu, ambaye alikuwa wa tano sasa, akamkaribisha kiti. Hakukaa.

Mkuu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na picha za wanawe mezani, na alimwita mama kwa sababu kweli alimwona hivyo. Alimwambia hili ni suala zito, limetoka juu. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Jirani ameonyesha makucha. Nchi isiyoweza kutungua itatunguliwa, hiyo ndiyo dunia tuliyonayo, na kikitunguliwa cha kwetu na wao hatutakuwa na la kusema. Tukishaweza, watatuogopa, na wakituogopa hakuna atakayemgusa mwenzake. Kwa hiyo ukilitazama vizuri, alisema, hili ni jambo la amani.

"Mbona kichwa mnachokinyoa ni cha mume wangu?" aliuliza Mama Usafi.

Mkuu alisema namba moja imeshaungua, namba tatu bado mpya. Ni hiyo tu iliyobaki.

"Nimefagia hapa miaka kumi na minne. Sahani ikivunjika jikoni, naijua kazi yake. Kule nani atafagia?"

Mkuu alisema hilo ni swali zuri, na kwamba itaundwa kamati.

"Na mliniambia hakuna kinachofika kule."

Hapo mkuu alivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Kinafika, mama," alisema. "Ila hakirudi."

Alhamisi watumishi wote walivaa nadhifu. Uani zilipangwa viti mia mbili na hema la wageni. Mama Usafi alipiga deki korido ya chini kama kawaida, akanawa mpaka kwenye viwiko, akajipaka mafuta midomoni, mengine yakaenda kidevuni. Njia nzima alikuwa amejiambia atamwambia. Mtu ana haki ya kujua linalomjia. Angemwambia mapema, dakika ya kwanza, halafu zibaki dakika nne za kuagana kikweli, kama watu wazima.

"Nimenyoa," Fundi alisema, kabla hata ya salamu. "Nimetumia kipande cha bati. Nimejikata shavu, usicheke ukiniona."

Mama Usafi akaacha alilokuja kulisema. Akasema hatacheka. Fundi akamwambia hakupata usingizi mizunguko yote kumi na minne ya jana. Kila alipopita juu ya nyumba alijaribu kutazama ni paa lipi, na safari hii alikuwa na hakika ameliona. Akauliza dada yake hajambo. Akauliza kama watu watakuwa wengi, maana ana aibu, shati alilovaa ni lile lile la siku ile. Mama Usafi alijibu kila swali. Alimpenda, na alitaka aongee tu. Vikombe vilianza kutetemeka juu ya meza ya Masikio, halafu na meza.

"Naona moshi uani kwenu," Fundi alisema. "Kuna kitu kinapanda."

"Ndiyo."

"Ndio wao?"

"Ndio wao."

"Wana haraka!" Alicheka, na kicheko kilikuwa kile kile cha siku walipochumbiana. "Miaka yote ile, leo ndiyo wana haraka. Haya, sikiliza. Nikifika..."

Hedifoni ilitoa mlio mdogo, wa swichi ikizimwa. Mama Usafi alibaki nayo masikioni mpaka dakika tisa zilipotimia. Nje walipiga makofi, bendi ikapiga.

Redio ilitangaza kwamba shabaha ilipatikana bila kukosea hata upana wa kiganja. Jirani alilaani asubuhi, na jioni akatangaza kwamba naye anaongeza makombora kutoka moja hadi matatu. Vipande vilikuwa elfu moja na mia mbili, ukiacha vidogo. Katika wiki ya kwanza vilitoboa setilaiti mbili, moja ya nchi isiyo na ugomvi na mtu, nyingine ndiyo iliyobeba simu za hapa hapa, hivyo mkuu wa kituo alipopigiwa kupongezwa, pongezi zilikatika katikati. Alipandishwa cheo hata hivyo, kwa barua.

Kuhusu Fundi, ofisi ya utumishi ilipata tabu. Hakuwa amefariki, kwa kuwa hapakuwa na mwili, na hakuwa mtoro. Mwishowe waliandika: Yuko kazini, ametawanyika.

Ijumaa, kesho yake tu, Mama Usafi alikuja kazini kwa kuwa hakujua pa kuipeleka saa nne. Masikio alikuwa anamsubiri mlangoni, amemwekea kiti.

"Amesema neno," alimwambia. "Saa mbili na dakika ishirini. Amesema sakafuni."

Alimweleza, na ilikuwa jambo rahisi kueleza. Chombo kilipopasuka Fundi alikuwa katikati ya sentensi. Sentensi ilipasuka pamoja naye, kila kipande kikachukua neno lililokuwa karibu, na kila kipande sasa kina njia yake na mwendo wake. Kile chenye uwezo wa kupokea sauti kilipigwa kwanza, kwa hiyo kumjibu haitawezekana. Lakini kusikia kutakuwepo. Saa sita kasoro lilipita neno jingine: mkono. Kwa sauti yake kabisa, na mkwaruzo wake ule wa kooni.

Kwa hiyo zamani alimsikia dakika tisa kwa siku, na sasa alimpata asubuhi mpaka jioni, neno moja moja, akiwa na ufagio mkononi. Masikio alikuwa akitoa kichwa mlangoni anaita, na Mama Usafi anakimbia. Mengine yalisikika ng'ambo ya pili ya dunia tu. Wasikilizaji wa vituo vya huko, watu wasiojua lugha, waliyaandika kwa herufi zao jinsi walivyoyasikia, wakayatuma kwa bahasha, pamoja na saa na tarehe na pole. Bahasha moja ilitoka kwa jirani. Ilikuwa na neno kifuani.

Mama Usafi aliyaandika kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo ya mafagio, akayapanga, akayapangua. Alikuwa akimjibu vile vile, ingawa kipokezi hakipo. Si kila kitu mtu anafanya ili kisikike. Ilichukua miezi minane. Wifi aliletwa aje asaidie kupanga, kwa kuwa alimjua kaka yake tangu anajifunza kusema. Mwishowe mlango ulisomeka hivi: Nikifika, msinitandikie godoro, nitalala chini sakafuni, nawe uniwekee mkono kifuani, ukandamize, maana huku sina uzito, na nimeukosa sana uzito wa

Likabaki hapo. Wifi kwanza alinuna kwa ajili ya godoro, akakumbusha alilibeba kutoka wapi. Halafu akasema, kwa jinsi anavyomjua kaka yake, neno la mwisho ni chakula. Masikio, ambaye hakuwa na mke, alidhani ni dunia. Mama Usafi hakusema alichodhani. Alikandamiza kiganja chake kwenye mbao, mahali chaki ilipoishia, akakiacha pale kwa muda mrefu.

Masikio alikitafuta kipande chenye neno hilo la mwisho wiki tatu. Alikipata asubuhi moja wakati uani kuna kelele, lori jingine linaingia kinyumenyume, na kwenye ubao wa matangazo kuna barua mpya, safari hii kuhusu namba tatu. Mkuu mpya alikuwa ametuma mtu kumwomba Mama Usafi aondoe ndoo yake nyuma ya mlango wa chumba cha mitambo, kwani hapo patawekwa meza ya kulengea. Akaiondoa. Masikio alimwonyesha karatasi ya hesabu. Kipande kilirushwa juu sana na kishindo; kipo, kinazunguka, lakini hakisikiki kutoka chini. Kinashuka kidogo kidogo. Kitasikika baada ya miaka sitini na mitatu, mara moja, juu ya kituo hiki, kisha kitaungua.

Mama Usafi alikuwa na miaka arobaini na saba. Aliuliza itakuwa siku gani.

Masikio akahesabu. Jumanne.

"Asubuhi au alasiri?"

Akahesabu tena, akafuta, akarudia. Alasiri, alisema, saa tisa na dakika chache.

Mama Usafi alimwambia aandike vizuri, kwa wino. Akakunja karatasi, akaitia mfukoni mwa gauni la kazi, akachukua ndoo.

"Nitakuwepo," alisema.